Hakutukani, anakuambia subiri

Dada, umeuliza kwa nini mama unayemfanyia kazi Muscat anakukusanyia vidole vyote vitano, ncha zikitazama juu, halafu anautikisa mkono taratibu. Usiumie moyo, hakutishi wala hakutukani. Kwa Waarabu hiyo ni "subiri kidogo", wenyewe husema shwayya. Hata dereva barabarani akitaka umpe nafasi hufanya hivyo hivyo.

Mkono huohuo ukiupeleka Italia maana inageuka: pale ni "unasemaje wewe?" au "unataka nini?", mara nyingi kwa ukali. Kwa hiyo hofu yako naielewa kabisa.

Cha kuogopa kweli kipo Ugiriki. Ukimnyooshea mtu kiganja wazi, vidole vimetanuka, kama sisi tunavyosema "nipe tano", umemtukana vibaya. Wanaita moutza. Hata Rais George Bush mkubwa aliteleza Australia mwaka 1992: alionyesha vidole viwili vya ushindi huku mgongo wa mkono ukiwaelekea watu, na kule hilo ni tusi.

Kesho akikufanyia tena, simama tu, mwitikie "haya mama", umngoje amalize.