Muulize Fundi wa Picha: Nyeupe nayo ni rangi

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja. Mtu kakata picha, kwenye skrini inaonekana safi, lakini ikifika kwenye fulana, kadi au bango inaibuka na boksi jeupe, au na utepe mwembamba kuizunguka. Nimechagua barua tano. Maelezo yangu yanafuata GIMP kwa sababu ni programu ya bure ya kuhariri picha, haihitaji intaneti ukishaiweka, na kompyuta ya zamani inaibeba. Mwenye Photoshop atakuta kazi ni ileile, majina ya vitufe ndiyo yanatofautiana kidogo.

Shikamoo Fundi. Nimeanza biashara ya fulana hapa Tanga. Nembo yangu nilichorewa na kaka mmoja, akanitumia kwa WhatsApp. Nyuma yake ni nyeupe na fulana zangu ni nyeusi. Nimeufuta ule weupe mara tatu, unarudi mweupe vilevile. Mwenye mashine ya kuchapa anataka PNG, nikabadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png, lakini boksi limebaki palepale. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuanza. Tuanze na jina la faili: kubadilisha herufi za mwisho hakubadilishi kilichomo ndani. Picha hujengwa na nukta, yaani vitone vidogo vya rangi (pikseli), na ukifungua picha ya JPEG kila nukta ina namba za rangi tu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Hakuna nafasi ya kuandika "hapa hapana kitu". Nyeupe kwake ni 255, 255, 255, rangi kamili kama rangi nyingine yoyote. PNG, iliyopitishwa rasmi Oktoba 1996, ina nafasi ya namba ya nne inayoitwa alfa. Alfa ikiwa 0, nukta haionekani kabisa. Ikiwa 255, inaonekana yote. Na kati ya hapo kuna ngazi zote za uwazi.

Sasa utaelewa kwa nini weupe unarudi. Picha yako haina hiyo alfa, kwa hiyo ukibonyeza Delete, GIMP inapaka pale rangi ya pili iliyo kwenye kisanduku cha zana, na mara nyingi rangi hiyo ni nyeupe. Unafuta nyeupe, unapakiwa nyeupe nyingine.

Fungua picha, nenda menyu ya Layer, kisha Transparency, kisha Add Alpha Channel. Chukua zana ya Fuzzy Select, ile yenye alama ya fimbo, na ubofye eneo jeupe. Bonyeza Delete. Safari hii utaona miraba midogo ya kijivu; hiyo ndiyo dalili kwamba pale pamekuwa wazi. Usisahau matundu ya herufi: tundu la "a", la "o", la "d". Weupe wa ndani haujaungana na wa nje, kila tundu linabofywa peke yake. Nimeona fulana nyingi barabarani zenye jina zuri na vidoti vyeupe ndani ya herufi. Ukimaliza tumia Export As na uandike jina likiishia na .png.

Kabla hujapeleka kwa mwenye mashine, fanya hivi bila kukosa: ongeza leya mpya, yaani tabaka jingine la picha, ipake nyekundu kali, iweke chini ya nembo. Picha iliyopita WhatsApp imebanwa, na kando ya michoro huwa na chembechembe ambazo si nyeupe kamili, ni 250, ni 246. Fimbo inaziacha, macho hayazioni juu ya miraba ya kijivu, lakini juu ya nyekundu zinajitokeza kama vumbi la chaki. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa fulana nyeusi 40 za kwaya bila kufanya kipimo hiki. Zote zilitoka na ukungu mweupe kuzunguka msalaba, na nilizilipia zote mimi. Tangu siku hiyo leya nyekundu haijawahi kukosa kwenye kazi yangu. Ukiona vumbi, ongeza kidogo kiwango cha Threshold cha ile fimbo, ili ishike na rangi zinazokaribiana na nyeupe, na urudie. Usisahau kuifuta leya nyekundu kabla ya Export As.

Lililo bora kuliko yote, mwombe huyo kaka faili la asili, na akutumie kama dokumenti, si kama picha. Ukituma PNG kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, inageuzwa JPEG njiani na uwazi wote unapotea. Hata hiyo PNG utakayoitengeneza leo, mtumie mwenye mashine kama dokumenti.

Fundi, habari ya kazi. Nauza viatu vya mtumba hapa Nairobi. Huwa navipiga picha nje kwenye nyasi, halafu navikata niviweke kwenye tangazo jeupe. Vinabaki na mstari wa kijani pembeni, hasa raba nyeupe. Nimekata polepole kabisa lakini hautoki.

Njema, ndugu yangu. Mkono wako hauna kosa. Kuza picha mpaka asilimia 800, kisha tazama pale soli inapokutana na nyasi. Ulidhani utaona nukta nyeupe ya kiatu, ikifuatiwa mara moja na nukta ya kijani. Haiko hivyo. Katikati kuna nukta mbili au tatu ambazo si kiatu wala si nyasi: nyeupe yenye ukijani, kijani chenye weupe. Kamera ilichanganya vitu viwili ndani ya nukta moja, na hakuna mkasi unaoweza kuvitenganisha. Ukikata nje ya nukta hizo, unabeba nyasi. Ukikata ndani, unapoteza uzi wa kiatu.

Mimi huchagua kupoteza uzi. Ukishachagua kiatu, nenda menyu ya Select, bonyeza Shrink ili eneo ulilochagua lisinyae, andika nukta 1, na kwa picha kubwa 2. Kisha Feather, inayolainisha ukingo, nukta 1 tu, usiwe mkali kama wembe. Hapo ukijani mwingi utaondoka. Utakaobaki, pita juu yake kwa brashi ukiwa umebadilisha aina ya upakaji kuwa HSL Color, na rangi uliyochukua kwenye kiatu chenyewe. Aina hiyo hubadilisha rangi na kuacha mwanga na vivuli vilivyo.

Jambo hilohilo ndilo linaloharibu picha za GIF. GIF inajua nukta iliyo wazi na nukta iliyojaa, hakuna ya katikati, ndiyo maana kingo zake huwa na meno kama msumeno.

Lakini ndugu yangu, achana na nyasi. Nyasi hurusha mwanga wa kijani mpaka kwenye soli, na huo si ukingo tena, umeingia kwenye ngozi ya kiatu. Tandika shuka la kijivu kivulini, asubuhi au alasiri. Mabaki ya kijivu kwenye ukingo wa raba nyeupe yanaonekana kama kivuli, hakuna mteja atakayeyaona. Dakika tano za kutandika shuka zitakuokolea saa nzima ya kukata.

Nilipakua ua lililoandikwa PNG kwa ajili ya kadi ya harusi ya dada yangu. Nyuma lina ile miraba ya kijivu na nyeupe, nikajua liko wazi. Kadi zimetoka na miraba! Tumechapa 150. — Mwanafunzi, Mbeya

Pole sana, na mpe dada pole. Miraba ile haimo kamwe ndani ya picha iliyo wazi. Ni programu inayoichora nyuma ili ikuonyeshe kuwa pako wazi. Ulichopakua ni picha ya kawaida ambayo mtu ameichora miraba ndani yake, na mtandaoni ziko tele. Kipimo ni chepesi: ifungue kwenye GIMP na ukuze. Miraba ikikua pamoja na ua, imechorwa. Ikibaki na ukubwa uleule huku ua likikua, picha iko wazi kweli. Na kwenye kazi yoyote ya nakala zaidi ya kumi, chapa moja kwanza, uishike mkononi.

Nataka sahihi yangu iwe picha iliyo wazi niiweke kwenye barua za ofisi. Nikiikata kwa fimbo inakuwa na makovu.

Fimbo si zana ya wino. Saini kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe kabisa, iskani, kisha menyu ya Colors, halafu Color to Alpha, chagua nyeupe. Amri hii haikati. Inachuja weupe kutoka kila nukta, hivyo wino mzito unabaki mzito na pale kalamu ilipopita kwa wepesi panabaki na wepesi wake. Ila nakusihi: faili hilo lilinde kama unavyolinda kadi ya benki. Anayelipata anaweza kuibandika sahihi yako chini ya barua yoyote, na itakaa vizuri mno. Usiliache kwenye kompyuta ya steshenari, na usilitume kwenye kundi la WhatsApp.

Fundi, mimi ni mstaafu, naishi Moshi. Mama yangu alifariki mwaka jana na tunaandaa misa ya kumbukumbu. Nimeambatisha picha mbili, moja ni ya zamani; nzuri ni hii, amekaa mbele ya ukuta wa sebuleni. Wajukuu wamejaribu kumkata wamweke kwenye bango la rangi ya krimu, lakini nywele zake nyeupe zinakwenda na ukuta. Anaonekana kama amevaa kofia. Hiyo siyo sura yake.

Shikamoo mzee wangu. Poleni sana, Mungu ampumzishe mama kwa amani. Nimekaa na picha hii jioni mbili.

Wajukuu walitumia fimbo, na fimbo haiwezi kuzitofautisha nywele nyeupe na ukuta mweupe. Lakini tazameni kwa makini: ukuta huo si mweupe, ni wa maziwa. Rangi ya maziwa ina umanjano, na umanjano maana yake ni upungufu wa bluu. Nywele za mama hazina upungufu huo. Kwa hiyo waambie waende menyu ya Colors, Components, kisha Decompose, wachague RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu. Picha itagawanyika kuwa picha tatu za kijivu. Kwenye ya nyekundu, nywele na ukuta ni kitu kimoja. Kwenye ya bluu ukuta unafifia, na nywele zinang'aa mbele yake, uzi kwa uzi. Mimi mwenyewe nilipoifungua nilinyamaza kidogo.

Waichukue hiyo ya bluu, wauzidishe utofauti wa mwanga na giza kwa zana ya Curves iliyo kwenye menyu ya Colors mpaka ukuta uwe mweusi na nywele nyeupe, kisha wajaze uso, shingo na kitenge kwa brashi nyeupe. Hicho kinakuwa maski ya leya kwenye picha ya asili: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu inaonyesha nusu, na nywele nyingi za mtu mzima ni hizo za nusu. Wasitumie kifutio hata mara moja. Kilichofutwa kikishahifadhiwa hakirudi, lakini maski unaweza kuirekebisha hata mwakani. Nakala ya asili iwekwe mahali pawili kabla hawajagusa chochote.

Kuna njia nyingine, na ndiyo ningeichagua mimi. Bango lenu mmesema litakuwa la rangi ya krimu. Basi msimkate. Wachague umbo la yai kumzunguka, walilainishe kwa Feather ya nukta 120 au zaidi, ukuta wa sebule yake uyeyuke wenyewe ndani ya bango. Ukuta ule ni wa nyumbani kwake, na mwanga uliomwangukia ulitoka dirishani mwake.

Vyovyote mtakavyoamua, ule unywele uliotoka pembeni ya sikio la kushoto wasiuondoe kwa kudhani ni uchafu. Uko hivyohivyo kwenye picha ya pili mliyonitumia, ile ya zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi.