Kabla ya Kuitisha Kikao, Zunguka Kwanza

Nimewezesha vikao vya jamii kwa miaka mingi, na anayeanza kazi hii mimi humwambia jambo moja kwanza: kikao chenyewe ni sehemu ndogo tu. Watu waliokwisha kugawanyika hawapatani kwa sababu wameketi nusu siku kwenye ukumbi mmoja. Kinachowapatanisha ni yanayofanyika kabla, na zaidi yanayofuata baada ya hapo.

Kwa hiyo zunguka kwanza. Kaa na kila upande peke yao, vijana kivyao, wanawake kivyao, waliohamia karibuni kivyao, na uwaulize ni jambo gani wasingethubutu kulisema mbele ya wale wengine. Majibu yao ndiyo ajenda yako. Uliza pia ni nani anayeaminiwa na pande zote. Mara nyingi si mwenye cheo. Kule Wajir, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikipigana, walioanza ni wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao. Walikubaliana kwanza kwamba soko liwe salama kwa mwanamke wa ukoo wowote, wakaunda kamati ya kulisimamia hilo. Baada ya hapo ndipo walipowaendea wazee na vijana.

Siku ya kikao ikifika, ondoa meza kuu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona meza hiyo inavyonyamazisha watu. Palipo na meza kuu, wachache huhutubia na waliobaki hupiga makofi. Panga viti duara, kisha wagawe watu wannewanne, wa pande tofauti. Katika kikao kimoja tulikuwa tunajadili mfereji uliokuwa ukifurika hadi majumbani, na kila upande ukidai wenzao ndio wanaotupa taka. Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na mlango, mtoto mgongoni, kimya. Tulipoingia kwenye makundi madogo ndipo aliposema kwamba mfuniko wa zege pale kwenye kona ulivunjika na kutumbukia ndani, na taka zote zinanasa hapo. Yeye hupita pale kila alfajiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumamosi iliyofuata, wale waliokuwa wakilaumiana walishika koleo na kamba, wakalitoa zege lile pamoja. Usiruhusu kikao kiishe bila kazi ya namna hiyo: ndogo, inayoonekana, isiyowezekana kwa upande mmoja peke yake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua pale wanapokutana kwa hadhi sawa, wenye lengo moja, wakishirikiana, na mamlaka ikiwaunga mkono. Ninavyoona mimi, sharti la hadhi sawa ndilo tunalolipuuza kuliko yote.

Lakini usitarajie kazi moja ibadilishe kila kitu. Mwaka 2020 mtafiti Salma Mousa alichapisha matokeo ya ligi ya kandanda kaskazini mwa Iraq, ambako baadhi ya timu za Wakristo ziliongezewa wachezaji Waislamu. Wachezaji Wakristo wa timu hizo walionyesha moyo mwema zaidi kwa Waislamu waliocheza nao, ila mabadiliko hayo hayakuwafikia sana Waislamu wasiowajua. Ndiyo maana nashauri kazi zirudiwe na safari hii wachanganywe watu wengine.

Halafu kuna mrejesho, na hapa ndipo imani ya watu hupotea kimyakimya. Kama mlikubaliana kuiandikia mamlaka barua, soma jibu lake mwanzoni mwa kikao kinachofuata, hata kama mmekataliwa. Kama halijaja, sema halijaja, utaje ni nani atakayelifuatilia na atarudi kwenu lini.