Riyadh Januari: Madera Sita na Kandambili

Juzi dada mmoja wa Tanga ameniandikia: "Dada, mwezi wa kwanza naenda Riyadh kwa mume wangu, nibebe madera mangapi?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Swali hilo lilikuwa langu Januari 2023, ila mimi sikumuuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe: sita. Kwa hiyo mdogo wangu, nivumilie nikujibu kwa urefu.

Dada yangu ni nesi huko Riyadh. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mwishoni mwa Desemba, na mama yetu magoti hayamruhusu tena kusafiri, basi nikatumwa mimi nikakae naye mpaka atoke arobaini. Kwenye simu alinisisitiza: beba nguo nzito, huku baridi. Nikamjibu kwamba mimi ni Msambaa, nimekulia Lushoto, mwezi wa saba tukienda shule tulikuwa tunatoa moshi mdomoni, watu wa jangwani hawawezi kunifundisha baridi. Wakala aliyenikatia tiketi naye akanitia moyo, eti Arabuni ni joto, nisijibebeshe mizigo. Siku naondoka Dar ilikuwa kaskazi kweli kweli, shuka lenyewe linakera. Koti nikaliacha juu ya kitanda.

Tulitua karibu saa kumi alfajiri. Mlango wa nje wa uwanja ulipofunguka, upepo ulipita kwenye dera kama sijavaa kitu. Haikuwa baridi ya Lushoto. Ya kwetu ina ukungu na umande, inakujia polepole, na ukikaa jikoni karibu na mafiga inakuacha. Hii ni kavu, inakata, ikiingia puani inakausha mpaka koo. Vidole vya miguu vilikufa ganzi kwenye kandambili kabla hatujalifikia gari. Shemeji yangu, mtu ninayemheshimu sana, na ndiyo ilikuwa mara yetu ya pili kuonana, akavua koti lake akanivika. Yeye akabaki na shati. Hakusema neno. Nikikumbuka alivyokuwa anasugua viganja kabla ya kushika usukani, mpaka leo naona haya.

Ninachotaka ukielewe ni hiki: Riyadh iko katikati ya nchi, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na bahari zote ziko mbali. Sisi watu wa Pwani hatujui kuwa bahari ndiyo blanketi letu. Usiku inatugawia joto iliyolihifadhi mchana. Kule hewa ni kavu na mawingu ni haba, kwa hiyo jua likizama joto lote linapaa zake juu. Mchana wa Januari ni nyuzi 20 hivi, alfajiri ni kama 9, na zipo siku inashuka mpaka 2 au 3. Wenyeji wana kipindi wanachokiita marbaania, karibu siku arobaini za baridi kuanzia mapema Desemba, na kikiisha hicho kinafuata kingine cha upepo mkali, shabt. Mimi niliingia kwenye hivyo vyote viwili na madera yangu sita.

Ndani ya nyumba usitegemee nafuu. Nyumba zimejengwa kupambana na joto: sakafu ni vigae au marumaru, na matangi ya maji yako juu ya paa. Kiangazi maji ya bomba yanaunguza, Januari ukitia udhu wa alfajiri unahisi mifupa ya vidole. Nilikuwa nimebeba chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya kumkanda mtoto. Asubuhi ya kwanza niliikuta imeganda yote, nyeupe, ngumu kama mshumaa. Dada akaichukua akaiweka karibu na hita ya umeme, akaniangalia, akaendelea kunyonyesha. Angenisema ingekuwa afadhali.

Wiki ya pili tukaalikwa kashta, yaani kwenda kukaa jangwani na familia, upande wa Thumamah. Saa tisa mchana nilijisikia mshindi. Jua zuri, mchanga una joto, nikakunja mikono ya dera. Saa mbili usiku mchanga uleule ulikuwa unapitisha baridi kwenye mkeka mpaka kiunoni. Moto unachoma uso huku mgongo unaganda. Wenzetu wote walikuwa wamevaa farwa, lile joho refu lenye manyoya kwa ndani, na mama wa ile familia akanitolea moja. Nikasema shukran, sina baridi. Ndivyo nilivyosema, meno yakigongana. Nilikuwa nimeshaaibika mara moja kwa koti la shemeji, sikutaka mara ya pili.

Asubuhi yake homa, kifua, mafua. Dada akaniambia kwa upole nisiingie chumbani kwa mtoto. Siku tisa. Nimetoka Dar kumlea mtoto, nikawa namsikia analia ng'ambo ya ukuta na mimi niko chumba cha pili, na shemeji akitoka kazini ndiye anafua nguo za mzazi. Hilo halijaniisha moyoni.

Jamani dada zangu, tuacheni ubishi. Mtu anayeishi mahali akikwambia kuna baridi, mwamini. Sifa za kukulia milimani hazimkingi mtu na upepo. Mungu katupa mwili mmoja, na mara nyingi safari zetu hizi tunaenda kwa ajili ya wengine: mzazi, mgonjwa, mume. Ukiugua unawaongezea kazi.

Mwaka huu Januari nimerudi, na kikohozi hata kimoja sijapata. Siri ni kuvaa nguo juu ya nguo. Chini kabisa fulana na skintaiti za kubana mwili, juu yake sweta la shingo ndefu, halafu jaketi jepesi la kuzuia upepo. Ikifika saa tano unaanza kuvua, jua likielekea kuzama unaanza kuvaa. Abaya inafunika vyote hivyo na hakuna anayejua umevaa nguo ngapi. Tangu 2019 wageni wanawake hawalazimishwi abaya, ila mavazi ya heshima ni lazima, na kwa baridi hiyo mimi siiachi. Raba, si kandambili. Soksi, tena pea nyingi. Mtandio mzito wa kufunika masikio. Mafuta ya mgando ya midomo na pua, maana ule ukavu unapasua ngozi. Makoti mazuri ya mitumba yapo soko la Karume, Dar, na msimu wa kaskazi hayagombewi. Farwa usiibebe, kanunue hukohuko. Mimi nilichukua ya manyoya bandia soko la Souq Al-Zal, karibu na ngome ya Masmak.

Kama mumeo atakupeleka umra kwa gari, mtahirimia, yaani mtanuia umra na kuingia kwenye ihramu, kituo cha Qarn al-Manazil, karibu na mji wa Taif, na Taif iko juu kuliko Riyadh, baridi tupu. Wewe nguo zako ni zilezile, ila glovu utazivua. Yeye atakuwa na shuka zake mbili za ihramu tu, basi mbebee blanketi lisiloshonwa ajitupie mabegani, asifunike kichwa. Mkishuka Makka mtatoa jasho, hapo ndipo dera litakapofanya kazi. Madera mawili yanatosha.

Na koti, soksi na mtandio usiviweke kwenye begi kubwa. Viwe kwenye begi la mkononi, uvivae ndani ya ndege taa za kutua zikiwaka, kabla hujasimama kwenye foleni.