Filamu yangu ya kwanza naipelekaje Mashindano Makuu ya Berlin? Jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. La kwanza, kama filamu yake ndefu ya kwanza, aliyoipiga Tanga kwa hela ya kuungaunga, inaweza kuingia Mashindano Makuu ya tamasha la filamu la Berlin (Berlinale), yaani kitengo kinachowania tuzo za Dubu, ya juu kabisa ikiwa Dubu wa Dhahabu. La pili, kama ni kweli kwamba bila kujuana na mtu hupenyi. Naona wachangiaji wa juu wamemjibu kwa mizaha, kuna hata aliyemwambia akashone suti kwanza. Mimi naishi Berlin, nakula kwa kutengeneza maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini, na kila Februari tamasha likianza nachukua zamu za kukagua tiketi mlangoni. Mashindano hayo nimeyaona nikiwa upande ambao kamera hazigeuki. Mkuu, jibu litakuwa refu, vuta kiti.

Tuanze na majaji, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Wale unaowaona kwenye zulia jekundu hawachagui filamu za kushindana. Wanakabidhiwa orodha iliyokwisha kufungwa. Mwaka 2024 orodha hiyo ilikuwa na filamu 20, mwaka 2025 zikawa 19. Jopo la 2024 lilikuwa na watu saba chini ya Lupita Nyong'o, mtu mweusi wa kwanza kuliongoza tangu tamasha lianze mwaka 1951, na hata yeye hakuwa na uwezo wa kuongeza filamu ya ishirini na moja. Mchujo wenyewe hufanyika miezi kadhaa kabla, kwenye kamati ya uteuzi. Filamu zinatumwa kwa maelfu, kwa vitengo vyote, na wanakamati wanazitazama kwa viungo vyenye nywila, nyingine usiku, nyingine baada ya kutoka kutazama nyingine nne. Kwa hiyo vita yako iko kwenye miezi ya baridi kabla ya tamasha. Februari ikifika, aliye nje yuko nje.

Kuhusu kujuana: kupo, ila si kule unakokuwaza. Hakuna wa kumpa bahasha. Siku moja tazama mwanzo wa filamu yoyote iliyoshindana Berlin au kwenye tamasha la Cannes kule Ufaransa, hesabu nembo za kampuni zinazopita kabla ya picha ya kwanza. Utakuta kampuni ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya Ubelgiji, mfuko wa serikali fulani, kituo cha televisheni, na mwisho wakala wa mauzo ya kimataifa. Kila nembo ni mtu aliyeisoma skripti miaka mitatu nyuma akaweka hela, na kila mmoja ana mazoea ya kuzungumza na waandaaji wa matamasha. Kamati inakuwa imeshasikia habari za filamu hiyo kabla haijakatwa. Yako itafika kwa fomu ya mtandaoni na ada ambayo hairudi. Haimaanishi haitatazamwa, itatazamwa. Lakini itatazamwa na mtu asiyejua wewe ni nani.

Na waandaaji hao hupenda kumfuata muongozaji hatua kwa hatua. Mfano mzuri ni Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal na Guinea-Bissau. Mwaka 2012 filamu yake Tey iliingia Mashindano ya Berlin ikatoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata ikachukua Farasi wa Dhahabu, tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso. Mwaka 2017 akarudi Berlin na Félicité, aliyoipiga Kinshasa, akapata Dubu wa Fedha wa Tuzo Kuu ya Majaji, na wiki chache baadaye akaongeza Farasi wa Dhahabu wa pili. Mati Diop vivyo hivyo. Alishindana Cannes mwaka 2019 na Atlantique akatoka na Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa pale, ndipo mwaka 2024 akashinda Dubu wa Dhahabu Berlin kwa Dahomey, lile jopo la Lupita. Dahomey ni filamu ya hali halisi, haifiki hata dakika 70, inahusu hazina 26 za kifalme ambazo Ufaransa ilizirudisha Benin mwaka 2021, na moja ya sanamu inajisemea yenyewe kwa Kifon, lugha ya hukohuko Benin. Kwa hiyo anayekwambia kwamba pale wanataka mastaa, Kiingereza na saa mbili za mapenzi, mpuuze. Lakini usisahau pia kwamba Dahomey ilitokea Paris na Dakar kwa pamoja, ikiwa na kampuni nyuma yake.

Sisi wa kwetu Afrika mara nyingi tunaingia ukumbi wa Mashindano tukiwa abiria kwenye gari la wengine. Mwaka 2012 Rachel Mwanza, binti aliyewahi kuishi mitaani Kinshasa, alipata Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike. Filamu yenyewe, Rebelle, ni ya Kanada. Mwaka huohuo Kiswahili kilisikika kwenye mashindano makuu ya Cannes, tena Kiswahili cha ufukweni Kenya, ndani ya filamu ya Ulrich Seidl wa Austria kuhusu wanawake wa Kizungu wanaofuata vijana wa pwani. Nakutajia hayo ili ujue kwamba lugha yetu na nyuso zetu hazina tatizo lolote kwa kamati. Tatizo liko kwenye nani anaibeba filamu.

Sasa jambo ambalo natamani kila muongozaji wa kwetu angelijua kabla ya kulijua zulia jekundu: onyesho la kwanza. Kwa Mashindano Makuu, Berlin wanataka filamu ambayo haijaonyeshwa nje ya nchi yake, na wanafurahi zaidi kama haijaonyeshwa popote. Hilo ndilo la thamani zaidi ulilonalo, na linatumika mara moja tu. Nina rafiki wa Mombasa, filamu yake ilikuwa nzuri kweli, aliyeikubalia mwaliko wa tamasha dogo la mji mmoja wa Ulaya kwa sababu walimlipia tiketi ya ndege. Watazamaji hawakujaza hata safu nne. Miezi miwili baadaye akaituma Berlin, na kwa Mashindano tayari ilikuwa haina sifa, hata kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kuitazama. Kumbuka pia hesabu ya mipaka. Wewe wa Tanga ukionyesha kwenye tamasha la ZIFF pale Zanzibar, umeonyesha nyumbani. Yeye Mkenya akionyesha palepale, ameonyesha ng'ambo.

Nikirudi kwenye swali lako la kwanza: kwa filamu ya kwanza, mimi nisingeililia Mashindano Makuu hata kama mlango ungekuwa wazi. Najua hilo halitawapendeza baadhi yenu. Lakini mimi ndiye ninayesimama mlangoni. Berlinale Palast, ukumbi mkuu wa tamasha pale Potsdamer Platz, ina viti zaidi ya elfu moja na nusu, na kwenye maonyesho ya wanahabari watu hutoka katikati bila aibu, mimi nawafungulia. Kabla ya jioni maoni yao yameshasambaa. Muongozaji mwenye filamu sita anameza na kuendelea. Mwenye filamu moja atafuatwa na maoni hayo miaka mitano, kila atakapoomba hela ya filamu ya pili. Nimemwona muongozaji kijana amekaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi anasoma simu, mtu wa kampuni yake anajaribu kumnyang'anya.

Berlin ina vyumba vingine, na kimoja kimejengwa kwa ajili yako hasa. Tangu 2025, chini ya Tricia Tuttle, aliyekuwa mkurugenzi mpya wakati huo, kuna kitengo cha Perspectives kwa filamu ndefu za kwanza za kubuni. Mwaka huo zilikuwa 14, zikashindana zenyewe kwa zenyewe, na mshindi ana euro 50,000 za kugawana muongozaji na prodyuza. Dubu wa Dhahabu, pamoja na ukubwa wake wote, haji na pesa taslimu. Kitengo kingine, Panorama, nako kuna tuzo ya kura za watazamaji, na watazamaji wa Berlin si wanahabari waliochoka. Ni walimu, wauguzi na wastaafu walioamka asubuhi kuwinda tiketi. Tamasha hili huuza tiketi zaidi ya 300,000 kwa watu wa kawaida, jambo ambalo Cannes halipo. Kama filamu yako ina mtoto au kijana katikati, angalia Generation, kitengo cha filamu za watoto na vijana. Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya ilianzia hapo mwaka 2018, majaji watoto wakaitaja kwa heshima, na ikazunguka dunia.

Halafu kuna kitengo cha Forum, kwa filamu zenye ukaidi wa muundo. Historia yake inachekesha kidogo. Mwaka 1970 Michael Verhoeven aliingiza Mashindanoni filamu iitwayo o.k., iliyochukua unyama wa askari wa Kimarekani Vietnam na kuupeleka kwenye msitu wa Bavaria, waigizaji wakiongea kwa lafudhi ya hukohuko. Rais wa majaji alikuwa Mmarekani George Stevens. Akataka filamu iondolewe, jopo likagawanyika, likajiuzulu, mashindano yakavunjwa, Dubu hawakutolewa mwaka ule. Mwaka uliofuata Forum ikazaliwa ili filamu za namna ile zipate pa kukaa. Kwa hiyo kile kitengo ambacho watu wetu wanakiita cha pembeni kilitokana na Mashindano yenyewe kushindwa kazi.

Kuhusu maandishi ya tafsiri, niruhusu nilalamike kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mwanakamati hasikii filamu yako, anaisoma. Filamu nyingi za kwetu zinazonipitia zimetafsiriwa usiku wa mwisho na binamu anayejua Kiingereza. Mstari una maneno kumi na tano, unakaa skrini sekunde moja na nusu, halafu mhusika ananyamaza na skrini inabaki tupu. Nyimbo zinaachwa bila tafsiri wakati wimbo ndio umebeba kisa. Ugomvi wa wanawake watatu kisimani unafupishwa kuwa "wanagombana". Mizaha yote inakufa. Kanuni zenyewe si ngumu: mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi zisizozidi arobaini hivi kwa kila mstari, na kata maneno bila huruma ili jicho lipate muda wa kumtazama mwigizaji. Kati ya kukodi droni siku moja zaidi na kumlipa mtafsiri mzuri, mlipe mtafsiri. Picha za droni za ufukwe kamati imeziona za kutosha.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba filamu yake "imeshinda matamasha 12 ya kimataifa" ndani ya miezi mitatu. Sitaki kumvunja moyo, ila wadau wengine jihadharini. Yapo mengi yanayojiita matamasha ya kimataifa yenye majina ya miji mikubwa, yanatoa tuzo kila mwezi, hayana ukumbi hata mmoja, na ukishinda wanakuuzia kombe lako mwenyewe. Yale majani mawili ya ushindi kwenye bango hayamsumbui mtu wa Berlin akilini, anayajua. Tamasha la kweli litakwambia filamu itaonyeshwa ukumbi gani, saa ngapi, na nani atakaa pembeni yako kujibu maswali. Ukikosa majibu hayo, hilo ni duka.

Kama unawaza filamu ya pili, mlango wa kugonga ni World Cinema Fund, mfuko wa Berlinale ulioanzishwa 2004 kusaidia filamu za Afrika, Amerika Kusini na maeneo mengine yasiyo na miundombinu ya filamu. Utahitaji prodyuza wa nyumbani mwenye makaratasi safi: kampuni iliyosajiliwa, mikataba ya waigizaji, haki za muziki kwa maandishi. Muziki hasa. Ukitumia taarabu ya mtu bila kibali, hakuna wakala atakayekugusa.

Sasa nisaidie nikusaidie. Andika hapa chini filamu ina dakika ngapi, imeshaonyeshwa wapi mpaka leo, na kama kuna prodyuza yeyote nje ya Tanzania. Nitakuambia ningeanza na kitengo gani. Na ile kopi nzima uliyosema umeiweka YouTube kwa muda ili ndugu waione, ifunge leo kabla hujalala.