Ulinzi wa timu yako baada ya mechi ya kwanza: uusome vipi

Kila mwisho wa Agosti, futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya kubeba mpira mkononi, si soka) inapofunguliwa, simu yangu haipumziki. Sisi Waswahili wa hapa Columbus tunaoishabikia Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, huwa tumeshatoa hukumu kabla wachezaji hawajaingia vyumbani kubadilisha nguo. Ama ulinzi umeoza na kocha wake afungashe virago, ama hakuna timu itakayoupita na kombe ni letu. Na hayo ni baada ya mechi moja tu!

Nimeifuatilia timu hii miaka mingi, na ushauri wangu kwa shabiki mwenzangu, hasa aliyehamia huku karibuni na ndiyo kwanza mchezo huu unamwingia, ni huu. Usianze kwa kuuliza ulinzi umeruhusu yadi ngapi, yaani wapinzani wamesonga mbele umbali gani. Uliza zimepatikana kwa njia gani, na kama kilichowaumiza walinzi wako kipindi cha kwanza kiliendelea kuwaumiza baada ya mapumziko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 2014. Ohio State ilifungua msimu jijini Baltimore dhidi ya Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini. Navy walikimbia na mpira hadi wakafikisha yadi 370, na kufikia mapumziko walikuwa wanaongoza 7-6. Ohio State walishinda 34-17, lakini mashabiki walilia kama tumefiwa. Msimu uliotangulia ulinzi ulikuwa umetutesa, akaletwa kocha Chris Ash kusaidiana na Luke Fickell kuuongoza, na watu wakauliza: haya ndiyo mageuzi tuliyoahidiwa?

Lakini Navy hawachezi kama timu nyingine. Wao hucheza opsheni: kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, akiupokea mpira anaweza kumpa mkimbiaji anayepita katikati, anaweza kukimbia nao mwenyewe, au amrushie mwenzake wa pembeni. Kila mlinzi ana mtu wake mmoja wa kumshika, na akivutwa macho sekunde moja tu na mtu asiye wake, uwanja umefunguka. Juu ya hapo, wazuiaji wa Navy hujitupa chini kwenye miguu ya walinzi, kitu ambacho mchezaji wa Ohio State hakutani nacho wiki baada ya wiki. Mchezo huo hauwezi kukuambia kama mabeki wako wanajua kukaba pasi, kwa sababu siku ile pasi hazikurushwa ila chache mno.

Ukiitazama mechi ile tena, utaona jambo ambalo takwimu hazilisemi wazi. Kipindi cha pili lainibeka (mlinzi wa safu ya pili) Darron Lee aliuokota mpira uliodondoshwa na Navy, akakimbia nao yadi 61 mpaka tachidauni, yaani akaufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani na kupata pointi. Walinzi walikuwa wameanza kufika kwa kwotabeki mapema, kila mmoja akikaa na mtu wake. Januari 2015 timu hiyohiyo iliifunga Oregon 42-20 na kutwaa ubingwa wa taifa. Katikati walifungwa nyumbani na Virginia Tech 35-21, wiki moja tu baada ya Navy, kwa hiyo sisemi kwamba mambo yalinyooka palepale.

Upande wa pili kuna LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ya mwaka 2020, na hii niliitazama kama mtu asiye na timu ndani. Mabingwa watetezi, waliomaliza msimu wao bila kufungwa hata mara moja, walifungua nyumbani dhidi ya Mississippi State, ambayo ilikuwa inacheza mechi yake ya kwanza chini ya kocha Mike Leach. Kwotabeki K.J. Costello alirusha pasi za jumla ya yadi 623, rekodi ya ligi ya SEC, na LSU wakalala 44-34. Kocha wao wa ulinzi, Dave Aranda, alikuwa ameondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Baylor, na nafasi yake akachukua Bo Pelini.

Yadi 623 zinatisha, lakini si hizo zilizonishtua. Kilichonishtua ni kwamba pasi zilikuwa za aina ileile kuanzia robo ya kwanza hadi ya nne: wapokeaji wanavuka katikati ya uwanja, kila mlinzi anamfukuza mtu wake, anachelewa hatua mbili, mpira umeshapita. Na mpango haukubadilishwa. Wiki iliyofuata Arkansas walikutana na Mississippi State haohao, wakatuma watu watatu tu kumfuata kwotabeki na kuwaacha wanane nyuma wakijaza njia za pasi. Arkansas wakashinda 21-14. Dawa ilikuwepo, tena si ya siri. LSU wao wakaenda kufungwa na Missouri 45-41, wakamaliza msimu kwa kushinda tano na kufungwa tano, na Pelini akaondoka.

Hapo ndipo ninapotofautisha. Kosa la kutoelewana, yaani walinzi wawili wanamkimbilia mtu mmoja na mwingine anaachwa peke yake, mara nyingi hurekebishika kwa wiki mbili tatu. Hata kuangusha watu ovyo hurekebishika. Timu za vyuo hazina mechi za majaribio za kabla ya msimu kama za NFL, ligi ya kulipwa, na makocha siku hizi hupunguza kugongana mazoezini ili wachezaji wasiumie. Siku ya ufunguzi ndiyo mara ya kwanza wanamwangusha mtu asiye mwenzao kwa nguvu zote. Lakini mlinzi aliyejipanga mahali sahihi, akaanza kukimbia kwa wakati sahihi, na bado akaachwa yadi tano nyuma, huyo kocha hatamwongezea mbio ifikapo Oktoba. Na benchi la ufundi linaloona tundu saa tatu nzima bila kuliziba, hilo ndilo la kukukosesha usingizi.

Ninavyofanya mimi ni kuiacha mechi ya Jumamosi ipite na kelele zake, kisha Jumapili naitazama upya, sauti nimezima. Simtazami mwenye mpira. Nachagua sefti mmoja, yaani mlinzi wa nyuma kabisa, na kumfuata robo nzima: kabla mpira haujatolewa anawaonyesha wenzake kwa mkono? Wanamgeukia au kila mtu anamtazama mwenziwe? Mpira ukitolewa, hatua yake ya kwanza ni ya nyuma au ya mbele? Ukiona mikono inarushwa hewani na watu wanahama nafasi huku wapinzani tayari wameanza, hapo mpango bado haujaingia vichwani. Halafu nasimamisha picha pale mwenye mpira anapoangushwa, nahesabu jezi zetu zilizo karibu naye. Ulinzi mzuri unaleta watu wanne, watano. Ulioregea unaleta mmoja, tena anavutwa.

Takwimu nazo zisome, ila uzijue tabia zake. Mwaka 2021 Georgia walifungua kwa kuifunga Clemson 10-3 pale Charlotte, na ikaandikwa kwamba Clemson walikimbia yadi 2 tu. Katika futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari ambako mchezo ulianzia, yadi anazopoteza hutolewa kwenye hesabu ya kukimbia, na siku ile Clemson waliangushiwa kwotabeki mara saba. Ule ulinzi ulikuwa wa hatari kweli, na ubingwa walichukua. Lakini anayesoma ile namba 2 bila kujua hesabu hiyo hajui kilichotokea uwanjani.

Vivyo hivyo na Agosti 30, 2025, hapa kwetu, Texas walipokuja. Tulishinda 14-7. Texas walipata yadi 336, sisi 203, na kuna waliosema tulibahatisha, eti ulinzi mpya wa kocha Matt Patricia umevuja. Hebu tazama dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho la kutimiza yadi kumi kabla ya kupoteza mpira: Texas walijaribu mara tano, wakafaulu mara moja. Moja ya hizo walikuwa yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa goli, kwotabeki wao Arch Manning akajaribu kujipenyeza mwenyewe, na ukuta wetu ukasimama. Bahati haikufanyii hivyo mara nne. Zile zilikuwa yadi za katikati ya uwanja, na ulinzi unaokuachia yadi za katikati kisha ukakunyima mlango unajua unachokifanya. Niliwaambia wenzangu jioni ileile kwamba sefti Caleb Downs na wenzake wametulia kuliko timu yetu iliyotwaa ubingwa msimu uliotangulia ilivyokuwa Septemba, na bado nasimamia neno hilo.

Kabla hujatoa hukumu, toa pia kwenye hesabu pointi ambazo si za ulinzi. Washambuliaji wako wakipoteza mpira yadi kumi na tano kutoka kwenye goli lenu, walinzi wamepewa mzigo ambao si wao. Na tachidauni ya dakika za mwisho, mkiwa mbele kwa pointi thelathini na wanacheza vijana wa mwaka wa kwanza, iandike pembeni. Inafaa kukuonyesha nani yuko benchi, kwa sababu kufikia Novemba utawahitaji.

Mechi ya pili ya msimu mara nyingi huwa dhidi ya timu ndogo iliyolipwa ije kufungwa, na matokeo ya 56-7 hayatakuambia lolote. Mtafute yule sefti uliyemfuata wiki iliyopita. Angalia kama mikono imepungua kurushwa hewani, na kama pasi iliyowaumiza Jumamosi ya kwanza imejaribiwa tena na nani alikuwa amesimama pale.