Maswali na majibu: gari lililofungwa turbo baada ya kutoka kiwandani

Toyota 86 yangu ya mwaka 2013 imefungwa turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) hapa Nairobi, na fundi ameweka msukumo, yaani shinikizo la hewa hiyo, wa bar 0.5. Mwezi ujao nateremka Mombasa. Kuna la kuangalia?

Lipo, nami nafurahi kwamba umeuliza kabla ya safari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama bar 0.83, ilhali Mombasa ni karibu 1.01. Ikiwa msukumo wako unadhibitiwa na springi ya westigeti (mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo) peke yake, springi hiyo hupima tofauti kati ya hewa ya turbo na hewa ya nje, na geji yako ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo utasoma 0.5 kote kuwili, lakini injini iliyokuwa ikipata jumla ya bar 1.33 itapata 1.51 ukifika pwani, tena katika joto kubwa zaidi, ambalo huongeza uwezekano wa petroli kujiwasha kabla ya wakati.

Hilo lingekuwa jambo dogo kwa Impreza STI iliyotoka kiwandani na turbo yake, kwa kuwa injini yake, EJ207, ina mgandamizo (kiasi pistoni inavyobana hewa kabla ya cheche) wa 8.0 kwa 1, na mgandamizo ukiwa mdogo petroli haijiwashi upesi. Injini yako, FA20, ina 12.5 kwa 1, na Toyota walitaka inyweshwe petroli ya oktani ya juu, isiyojiwasha upesi, hata kabla hujaigusa. Mwulize fundi kama ramani ya kompyuta (jedwali la petroli na cheche) aliijaza hadi kwenye mizigo, yaani viwango vya hewa, ambayo injini haiwezi kuifikia Nairobi, au aliishia pale gari lilipoishia siku ya kupimwa. Akibabaika, mwambie apunguze msukumo kabla hujaondoka. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe wakati unakanyaga mafuta kwenye mwinuko, ondoa mguu papo hapo, kwa sababu konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) za injini hii hupinda mapema kuliko wenye nazo wanavyopenda kuamini.

Turbo itaniongezea farasi ngapi?

Swali hili huletwa kila mara bila aina ya injini, bila mwaka wa gari na bila kutaja petroli inayopatikana mtaani kwa muulizaji. Jibu langu halijabadilika: utapata kiasi ambacho petroli unayojaza kila siku itaruhusu.

Gari linatoa moshi wa bluu likisimama kwenye foleni. Fundi amesema turbo imekufa na ninunue nyingine.

Usinunue chochote kwanza. Oili huingia kwenye turbo kwa shinikizo lakini hutoka kwa uzito wake tu, kwa hiyo bomba la kuirudisha linapaswa kuwa pana, literemke moja kwa moja bila kupinda wala kubonyea, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Lifungue ulitazame kwa macho yako. Nimeona matundu ya kurudishia oili ambayo gundi ya gasketi ilikuwa imefinywa ndani hadi penseli haipiti, na mwenye gari alikuwa tayari amekwisha kubadilisha turbo. Kagua pia pumuzi ya injini (bomba linalotoa hewa iliyonaswa ndani yake), kwa kuwa shinikizo likijaa chini ya pistoni, oili haina njia ya kurudi na itavuja kwenye sili za turbo hata kama turbo ni mpya kabisa.

Baada ya hapo, injini ikiwa imepoa, shika ncha ya shafti ya turbo uitikise. Turbo ya beringi za kuelea (zinazoelea kwenye utando wa oili) huwa na mchezo kidogo wa juu na chini, na huo ni wa kawaida. Mapanga yakigusa ganda lake, au shafti ikisogea mbele na nyuma kwa kiasi unachoweza kukihisi kidoleni, basi fundi wako alikuwa sahihi, ingawa bado hajakueleza kilichoiua. Asipokipata, kitaiua na hiyo nyingine.

Ni lazima niache injini iungurume kabla ya kuizima?

Ikiwa kilomita za mwisho uliendesha taratibu, hapana. Ikiwa umetoka kulikimbiza, dakika moja inatosha.

Nabadilisha oili kila kilomita 10,000 kama kitabu cha gari kinavyosema. Ni sawa?

Kitabu hicho kiliandikwa kwa gari lisilo na turbo. Mimi sivuki 5,000, na kwa mtu wa foleni za Dar es Salaam ningeshusha zaidi. Nusa oili kwenye dipstiki: ikinuka petroli waziwazi, injini inamwagiwa mafuta kupita kiasi, na hakuna oili ya bei yoyote itakayotibu hilo. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, kwa maana makopo yaliyojazwa upya yapo mengi.

Nina Mark X ya 2.5. Fundi anaweza kunifungia turbo iliyotumika ya Subaru bila kugusa kompyuta, kwa bei nafuu.

Usikubali. Injini yake, 4GR-FSE, ina mgandamizo wa 12 kwa 1, na kompyuta isiyorekebishwa haijui kwamba kuna hewa ya ziada ya kuongezewa petroli na kurudishiwa nyuma muda wa cheche. Nashuku kwamba wengi wanaoleta swali hili wanautaka ule mlio wa vali ya kutolea hewa ya turbo mtu anapoachia mafuta, na kwa ajili hiyo wako tayari kuyeyusha pistoni.

Je, bima wajulishwe?

Ndiyo, kwa maandishi, kabla gari halijatoka gereji. Mabadiliko makubwa usiyoyataja huwapa sababu ya kukataa madai yako, hata kama ajali haikusababishwa na turbo. Wakipandisha ada, lipa. Wakikataa kukukatia, tafuta kampuni nyingine, na uhifadhi barua ya kukubaliwa pamoja na cheti chenyewe.