Wiki tatu na Firefox kwenye steshenari yangu ya Mwanga

Mwakeye! Juzi kijana mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Nafungua steshenari mwezi ujao, kompyuta ninayo moja tu. Niweke kivinjari gani?" Kivinjari ni ile programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikaona haitoshi, maana swali lake limenigusa penye kidonda.

Steshenari yangu iko hapa Mwanga, Kigoma mjini, huu ni mwaka wa sita. Napiga chapa na kutoa kopi, lakini kinachonilisha ni maombi ya mtandaoni: mikopo ya elimu ya juu, ajira, vyeti vya kuzaliwa, namba za mlipa kodi. Msimu wa mikopo foleni inafika barabarani. Nasema kwa fahari, hakuna kijana aliyekaa kwenye kiti kile maombi yake yakakwama kwa uzembe wangu.

Kumbe uzembe ulikuwa kwingine. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayeuza samaki Kibirizi, nimfungulie barua pepe. Kivinjari kikauliza kama kihifadhi paswedi yake. Nikabonyeza ndiyo, kama nilivyozoea kubonyeza chochote kinachonichelewesha. Siku mbili baadaye jirani yake akakaa kiti kile kile. Alipogusa tu sehemu ya kuandika jina, anwani ya yule mama ikajitokeza, na paswedi ikajijaza. Akaingia, akasoma. Mle ndani mlikuwa na barua ya deni. Kufika jioni Kibirizi nzima ilikuwa inajua.

Mama alikuja asubuhi na wala hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, mimi nilikuletea siri, wewe umeianika kama dagaa." Akaondoka.

Siku hiyo nilifunga duka mapema, nikafungua orodha ya paswedi zilizohifadhiwa kwenye ile kompyuta. Zilikuwa 214. Walimu, bodaboda, wanafunzi, hata mchungaji wetu. Nilizifuta zote.

Ndipo nikaweka kivinjari kingine, Firefox. Jina nilikuwa nalijua siku nyingi, maana toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, miaka minne kabla ya Chrome. Ila sikuwahi kuijaribu kwa dhati. Jambo la kwanza ilipofunguka, iliniuliza kama nataka ihamishe data kutoka kivinjari cha zamani, pamoja na paswedi. Nilikataa. Wewe wa Kasulu, likikutokea swali kama hilo kwenye kompyuta ya wateja, kataa.

Kuhusu kasi, kwenye kompyuta yenye ramu ya GB 4 sikuona tofauti ya kujivunia. Bando ndilo lilipumua, hasa baada ya kuongeza uBlock Origin inayozuia matangazo. Kilichonishika moyo zaidi ni kiongezi, yaani programu ndogo unayoiongeza ndani ya kivinjari, cha Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox, kinachoitwa Multi-Account Containers. Unafungua ukurasa ndani ya boksi lake, lenye rangi yake, na akaunti iliyofunguliwa kwenye boksi la bluu haionekani kwenye boksi la kijani. Wanafunzi wawili wanaweza kuingia tovuti moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na akaunti yake. Zamani ilibidi nimtoe mmoja ndipo nimwingize mwingine. Lakini paswedi ukizihifadhi, boksi halikusaidii kitu, kwa hiyo kwenye mipangilio nimezima kabisa lile swali la kuhifadhi.

Jambo moja lilinitisha. Kwenye kivinjari cha zamani vidole vyangu vilizoea Ctrl+Shift+N kufungua dirisha la faragha, lile lisilotunza kumbukumbu za kurasa ulizofungua. Kwenye Firefox vitufe hivyo vinarudisha dirisha ulilofunga mwisho! Nilibonyeza mbele ya mteja, na ukurasa wa mteja aliyetangulia ukachomoza. Bahati nzuri ulikuwa ratiba ya mabasi tu. Hapa dirisha la faragha ni Ctrl+Shift+P. Tena ukimaliza, funga madirisha yote ya faragha. Likibaki hata moja, akaunti aliyoiacha mteja wazi bado iko hai.

Kuna tovuti moja ambayo kitufe chake cha kutuma hakikufanya kazi kabisa. Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, lakini Firefox ina injini yake, yaani sehemu inayosoma na kuonyesha ukurasa, iitwayo Gecko, na watengenezaji wengine wa tovuti hawazijaribu tovuti zao huko. Kwa hiyo kivinjari cha pili kiwepo, ila nacho kisihifadhi paswedi.

Ndugu zangu wa steshenari, tunashika mambo ya watu mazito kuliko tunavyojiona. Mtu anakupa paswedi yake kwa sababu hana kompyuta, si kwa sababu hana siri. Mwulize ameshatoka kwenye akaunti kabla hajalipa. Usihifadhi paswedi. Hata akikuomba mwenyewe umtunzie, mwandikie kwenye karatasi aondoke nayo. Nasema tena, usihifadhi.

Jumapili nilikwenda Kibirizi. Nilimkuta mama amekaa pembeni ya meza yake ya migebuka, nikamwamkia, nikamwonyesha kwenye simu jinsi ya kubadili paswedi. Aliibadili mwenyewe, mimi nimegeuza uso upande wa ziwa. Kisha akaniuzia migebuka wawili kwa bei ya wateja wote, bila kunipunguzia. Dukani kwangu bado hajarudi.